Kuna mwingine anayeiangalia Shaka Zulu (1986) kwa ajili ya muziki tu?

#1 Kanda ya Zamani

Wakuu, salaam.

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka tisa, Tabora. Nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha video: kuta za magunia, paa la bati, jenereta nje linakohoa, ndani deki moja na TV ya inchi 21 juu ya meza yenye kitambaa cha kudarizi. Watoto chini mbele, wakubwa kwenye mabenchi nyuma. Pale ndipo nilipoiona Shaka Zulu, ile tamthilia ya Afrika Kusini yenye sehemu 10, Henry Cele akiwa Shaka mwenyewe, mfalme wa Wazulu.

Kiingereza sikujua hata neno. Sikujua wale Waingereza, Fynn ni nani, Farewell katumwa na nani, wala kwa nini yule mama, Nandi, anafukuzwa pamoja na mwanawe, Shaka. Nilichojua ni kwamba wimbo ukianza, zile sauti za wanaume zikipanda kutoka chini kabisa, vinyweleo vinanisimama. Nilirudi siku tatu mfululizo kwa mkanda uleule, na siku ya tatu nikachapwa nyumbani kwa sababu hela ya kiingilio ilikuwa ya chumvi.

Mwezi uliopita nimeiangalia yote upya. Sasa Kiingereza nakielewa, hadithi nimeifuata mwanzo hadi mwisho, na kusema kweli kuna mahali inanichosha, hasa wale Waingereza wanapokaa mezani kupanga mambo yao. Lakini jana usiku nimejikuta narudisha nyuma kipande ambamo hakitokei chochote. Watu wanatembea kwenye nyasi, upepo, waimbaji kwa mbali. Basi. Nimekirudisha mara tano.

Niko peke yangu? Na kama siko peke yangu, ni nini hasa kinachotushika pale? Maana nyimbo nzuri ziko nyingi duniani na hazinifanyi hivi.

#2 Mtoto wa Kariakoo

Hauko peke yako mkuu. Mimi hadithi yake mpaka leo siwezi kukusimulia vizuri, ila wimbo naupiga mluzi bila kukosea. Niliiangalia TVT mwaka 1989. Wale Ladysmith Black Mambazo waliuimba ule wimbo kwa roho moja.

#3 Kiembesamaki

Mtoto wa Kariakoo, 1989 huko Bara hakukuwa na kituo cha TV hata kimoja. ITV imeanza 1994, na TVT ya serikali imekuja baadaye tena. Sisi huku Unguja ndio tuliokuwa na TVZ tangu 1974, na ya rangi. Wewe utakuwa uliiona kwa mkanda, fikiri vizuri.

#4 Mtoto wa Kariakoo

Ni kweli, nimempigia kaka yangu simu. Ilikuwa deki ya mjomba, alirudi nayo kutoka Dubai. TVT niliichanganya na mambo mengine. Ahsante Kiembesamaki.

#5 Nyota ya Eldoret

Na hapo kwa Ladysmith pia turekebishe. Hao wako kwenye albamu ya Graceland ya Paul Simon, ambayo nayo ni ya 1986, ndiyo maana watu wengi huchanganya. Muziki wa Shaka Zulu ni wa Dave Pollecutt, na ule wimbo mkubwa, We Are Growing, umeimbwa na Margaret Singana.

Niliiona nikiwa shule ya bweni. Mwalimu wa historia alileta mkanda, tukajazana bwaloni wanafunzi karibu mia mbili mbele ya TV moja. Wa nyuma hawakuona kitu. Walikuwa wanasikiliza tu, na ndio waliokuja kuimba kwa wiki nzima.

#6 Jirani wa Reli

Nafuatilia. Mimi nilikuwa nadhani ni Miriam Makeba.

#7 Chumvi Kidogo

Jirani wa Reli, ngoja nikuambie kuhusu Singana, kwa sababu mtu akijua habari zake wimbo unabadilika masikioni.

Alizaliwa Queenstown, 1938. Alipata jina kwenye mchezo wa jukwaani wa Ipi Tombi miaka ya sabini, wakamwita Lady Africa. Kisha akapata kiharusi, sauti ikanyamaza kwa muda. Watu walimhesabu kuwa amekwisha. We Are Growing ni wimbo wa mtu aliyerudi. Na haukuishia Afrika: 1989 ulifika namba moja Uholanzi. Alifariki mwaka 2000.

Sasa sikiliza tena pale sauti yake inapopanda juu ya wanaume. Haijanyooka kama ya msichana, ina mkwaruzo na uzito. Mimi naamini ndicho kitu Kanda ya Zamani anachotafuta. Ulikuwa na miaka tisa, hukujua habari za kiharusi, lakini sikio la mtoto linajua sauti iliyopita mahali.

#8 Kanda ya Zamani

Chumvi Kidogo, hilo la kiharusi sikulijua kabisa. Nimeusikiliza sasa hivi mara mbili nikiwa nimefumba macho.

Lakini kile kipande cha nyasini Singana hayupo. Kuna kwaya tu na upepo. Kwa hiyo yeye ni sehemu ya jibu, si jibu lote.

#9 Fundi Spika

Mimi ni fundi wa redio na spika kwa miaka 27, niseme upande wangu.

Mnaotaja vibanda mnasahau mlisikia nini. Mikanda ile ya VHS ilikuwa imenakiliwa kutoka mkanda mwingine, nao kutoka mwingine. Kila ukinakili, sauti za juu zinapungua na mvumo unaongezeka. Maneno ya Kiingereza yanafifia kwa sababu herufi kama s na t zinakaa huko juu. Kinachobaki ni sauti za chini na za kati: wanaume, vishindo vya miguu, ule mlio mrefu wa kinanda cha umeme. Halafu mwenye kibanda anaunganisha TV kwenye spika ya disko iliyopasuka kidogo, na bati la juu linaitikia.

Maana yake mlichosikia nyinyi Tabora hakikuwa kile kilichorekodiwa Afrika Kusini. Mlisikia toleo la besi tupu, lenye moshi. Ndiyo maana ukiisikiliza kwenye simu leo unaona kama kuna kitu kimeibwa. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti ya chini, ni ndogo kuliko kifuniko cha soda.

Fanyeni jaribio. Tafuteni spika kubwa, punguzeni trebo, ongezeni besi kiasi, zimeni picha. Kisha mje hapa mseme.

#10 Mwalimu wa Kwaya

Namheshimu Fundi Spika, lakini kaeleza chombo, hajaeleza muziki. Mimi nafundisha kwaya ya kanisa Dodoma.

Kila mmoja wenu aliyesoma shule ya msingi Tanzania ameimba wimbo wa Enoch Sontonga, alioutunga 1897 huko Johannesburg, kila asubuhi ya mstarini. Mungu ibariki Afrika ni sauti ya Afrika Kusini tuliyopewa kabla hatujaota meno ya pili. Soprano juu, besi wanashika chini, sauti zinatembea pamoja kama watu walioshikana mikono. Ongeza kwaya za kanisani, nyingi zimejengwa hivyohivyo. Sasa mtoto wa Tabora anaingia kibandani, anasikia wanaume mia wanaimba kwa mpangilio ule anaousimamia wima kila siku. Mwili wake unasimama wenyewe. Hajui kwa nini.

Jambo la pili. Kanda ya Zamani umesema "waimbaji kwa mbali", na wengine mtasema ngoma. Katika uimbaji wa asili wa Wazulu, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na sauti, makofi na miguu. Ngoma za kupigwa hazikuwa na nafasi kubwa kama zilivyo kwetu huku. Kuna pinde za muziki, ugubhu mmojawapo, ambao Magogo, binti mfalme wa Kizulu na mama yake mwanasiasa Mangosuthu Buthelezi, alikuwa bingwa wake mpaka alipofariki 1984. Na waitikiaji hawasubiri mwitaji amalize. Wanaingia juu yake, sauti zinapandana kama vigae. Ndiyo maana wimbo hauna mahali pa kupumua, nawe unajikuta umeshika pumzi.

#11 Mtoto wa Kariakoo

Mwalimu hilo la kushika pumzi nimelijaribu hapa mezani, ni kweli tupu.

#12 Binti Ligihu

Habari zenu. Nimezaliwa Songea, na mnazunguka mbali wakati jibu liko karibu.

Sisi Wangoni tumetoka kule. Bibi yangu alikuwa hajui kusoma wala hajawahi kuona TV. Mwaka 1996 kaka yangu alileta mkanda wa Shaka Zulu nyumbani. Bibi alikuwa uani anapepeta mahindi. Waliposikika wale wanaume na vishindo, aliweka ungo chini, akaingia ndani, akasimama mlangoni bila kukaa. Akasema: "Hao wanacheza ligihu, lakini wameipunguza mwendo."

Ligihu ni ngoma yetu ya kivita. Wanaume, ngao, rungu, miguu inapiga ardhi kwa pamoja. Hakuna aliyemwambia bibi kwamba mkanda ule unatoka Natal. Hii ni damu, wakuu.

#13 Mfipa Halisi

Dada Binti Ligihu, karibu, na pole kwa nitakachosema.

Wangoni hawakutoka kwa Shaka. Walimkimbia Shaka! Zwangendaba, kiongozi wao, alikuwa upande wa Wandwandwe wa mfalme Zwide, na Zwide alipovunjwa na Shaka mwishoni mwa miaka ya 1810, kina Zwangendaba na Soshangane walikusanya watu wao wakakimbilia kaskazini. Wakavuka Zambezi 1835, jua likiwa limepatwa. Zwangendaba akaja kufia kwetu Ufipa miaka ya 1840 mwishoni, ndipo watu wake wakagawanyika na wengine wakafika Songea. Njiani waliwachukua watu wa makabila chungu nzima. Kwa hiyo ukisema damu, ni damu ya nani katika hao wote?

Mkiangalia ile tamthilia mnapaswa kuwashangilia maadui wa Shaka.

#14 Binti Ligihu

Kaka Mfipa, historia yako ni sahihi na naikubali, nimeisoma. Lakini anayekukimbiza na unayekimbizwa mnaweza kuwa mnaimba wimbo mmoja. Zwide na Shaka walisikilizana walipotukanana, hawakuhitaji mkalimani. Hata neno letu Nkosi, chifu, ni lilelile la Kizulu.

Na hao mliosema walichukuliwa njiani ndio walioicheza ligihu mpaka ikawa yao. Damu nimeitamka vibaya. Niseme miguu. Mwendo wa miguu ulirithiwa.

Na huko kwenu Ufipa tulikoacha kaburi la mfalme wetu, tunawashukuru kwa kulitunza.

#15 Mfipa Halisi

Hapo kwenye miguu nimenyamaza. Kaburi tutalitunza, njooni na mbuzi.

#16 Mkunde

Uzi mzuri sana huu. Natokea Morogoro, na nina kisa ambacho kinampa nguvu Mwalimu wa Kwaya lakini kwa njia nyingine.

Kuanzia 1978 ANC walikuwa na shule yao Mazimbu, ile ya Solomon Mahlangu, iliyopewa jina la kijana aliyenyongwa na makaburu 1979. Mama yangu alikuwa anawauzia mchicha na nyanya. Nikienda naye jioni, nikisikia wanaimba. Hawana gitaa, hawana kinanda, ni midomo na miguu. Wakizika mwenzao, maana makaburi yao yapo palepale hadi leo, wanaimba mpaka vilima vinaitika. Nilikuwa na miaka sita au saba. Wakati huo pasi ya kusafiria ya Mtanzania ilikuwa haimruhusu kwenda Afrika Kusini. Nchi ile kwetu ilikuwa ni sauti. Hatukuwa na picha yake nyingine zaidi ya magazeti.

Nilipoiona Shaka Zulu kwenye mkanda nikiwa kijana, sikuona Wazulu wa 1820. Niliwaona wale kaka wa Mazimbu. Walikuwa wameondoka, 1992 waliikabidhi shule kwa serikali na kurudi kwao. Nililia, na niliokuwa nao wakadhani nalia kwa sababu Nandi amekufa.

#17 Chumvi Kidogo

Mkunde, hii post yako nimeisoma kwa sauti nikamsomea mke wangu.

#18 Sauti ya Kati

Mkunde amefungua mlango ambao nilikuwa nausubiri, kwa hiyo niingie.

Tamthilia hii ilitengenezwa na SABC, shirika la utangazaji la serikali ya makaburu, na ilitoka 1986, mwaka ambao Juni hali ya hatari ilitangazwa nchi nzima na watu wakafungwa kwa maelfu. Kaka zake Mkunde wakiwa Mazimbu, waliokuwa wanawawinda ndio waliolipia hizo ngao na hizo kamera. Na tazameni hadithi inavyosimuliwa: tunaingia kwa Shaka tukiwa nyuma ya mabega ya Fynn na Farewell, waliofika Port Natal 1824. Shaka anasomwa kama fumbo la kutisha ambalo mzungu analifumbua.

Kwa hiyo nikiambiwa "mimi nasikiliza muziki tu, hadithi naiacha", nauliza: mazingira yale mazito, ukungu, ile sauti ya kutisha ya mganga Sitayi, si ndiyo yaliyotumika kutufanya tumwone Mwafrika kama kiumbe wa giza? Muziki ndio uliofanya kazi kubwa kuliko maneno. Huwezi kuuacha nje ya kesi.

#19 Nyota ya Eldoret

Hoja nzito, na sikatai chochote hapo kwenye tarehe. Lakini kumbuka bwalo letu. Wanafunzi mia mbili waliotoka pale hawakutoka wakimwogopa Mwafrika. Walitoka wakitembea kama Henry Cele. Kwa wiki nzima hakuna aliyetembea kawaida, hata kwenda kuchota maji.

#20 Sauti ya Kati

Hilo nalo ni kweli, na mimi nilitembea hivyo. Ndilo linalonisumbua mpaka leo.

#21 Kanda ya Zamani

Sauti ya Kati, nimekaa na post yako tangu asubuhi kabla ya kujibu.

Nafikiri kutokujua Kiingereza kulinikinga. Fynn angekuwa ananieleza Shaka ni nani, labda ningemwamini. Lakini mimi Fynn sikumsikia, kwangu alikuwa mtu mwekundu anayetikisa midomo. Waliozungumza nami ni wale wanaoimba, na walikuwa weusi wote, na walikuwa wengi, na hawakuniomba niwaogope. Waliotunga wangeandika walichoandika, waimbaji walifika na sauti zao kutoka makwao. Ile sehemu hakuna mtu wa SABC aliyewafundisha.

Sijamaliza kufikiri, ila ndipo nilipofika.

#22 Dereva wa Tunduma

Habari za jioni. Nimewahi kufika. Nilikuwa nafanya kazi Durban miaka michache, kuna mahali panaitwa Shakaland, karibu na Eshowe. Ndicho kijiji walichokijenga kwa ajili ya kupiga hiyo tamthilia, baadaye kikafanywa hoteli na mahali pa watalii. Vibanda vya nyasi vya mviringo, uzio wa miti, bwawa chini.

Waliimba, wakacheza. Vizuri sana, sitawadharau. Lakini ule msisimko haukuja. Ulinijia usiku, nimelala, watalii wameondoka, upepo ukapita kwenye nyasi za paa. Hakuna aliyeimba! Ni upepo tu, na nikawa nimerudi Mbeya kwenye benchi la video mwaka 1990. Kwa hiyo mnaobishana kuhusu kwaya, mimi nasema ni upepo. Wale waliopiga ile tamthilia waliacha upepo usikike. Filamu za siku hizi upepo hawauachi, wanajaza muziki kila mahali.

#23 Mwalimu wa Kwaya

Dereva, unyamavu ni sehemu ya muziki. Nawaambia wanakwaya kila Jumamosi.

#24 Jirani wa Reli

Kuna jambo hamjaligusa. Mkanda ule ulikuja kabla ya wakalimani. Siku hizi ukienda kibandani filamu ina sauti ya mtafsiri juu yake mwanzo hadi mwisho, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana ma-VJ. Nawapenda sana, wamewapa watu wetu hadithi ambazo wasingezipata. Lakini mtafsiri akizungumza, muziki wa chini anaufunika. Kizazi chetu tuliangalia bila kuelewa, kwa hiyo tulilazimika kusikiliza. Shaka Zulu ingetafsiriwa mwaka ule, huu uzi usingekuwepo.

#25 Kiembesamaki

Jirani hapo umepiga penyewe. Sisi huku tulikuwa tukiangalia filamu za Kihindi namna hiyohiyo. Neno moja hatulijui, na nyimbo zake zote tunazo mpaka leo, mamangu anaziimba akifua.

#26 Mtoto wa Kariakoo

Nje ya mada kidogo: kuna aliyejua kwamba Henry Cele alikuwa golikipa? Alidakia timu za Durban kabla ya uigizaji. Amefariki 2007. Nikiangalia anavyosimama miguu imeachana, naona kabisa anasubiri penalti.

#27 Nyota ya Eldoret

Haha, sasa umeniharibia. Sitaweza kuona kingine.

Na wale ambao hamjaona, alirudi kuicheza tena 2001 kwenye The Citadel, pamoja na David Hasselhoff. Shaka yuleyule, mwili uleule, lakini nilizima katikati. Hakuna hewa mle ndani.

#28 Chumvi Kidogo

Hiyo ni hoja dhidi ya wote wanaosema ni Cele. Mtu ni yuleyule, na bado kuna kitu kimekosekana.

Na Shaka iLembe ya 2023, iliyoonyeshwa kwenye kituo cha Mzansi Magic? Ile inazungumzwa Kizulu na inasimuliwa na wenyewe, Nomzamo Mbatha ni Nandi. Sauti ya Kati, hiyo si ndiyo uliyokuwa unaitaka?

#29 Sauti ya Kati

Ndiyo, na naipenda kwa hadithi yake. Nandi wa pale ni mtu kamili. Ila naungama, kwa moyo mweupe, haijawahi kunisimamisha vinyweleo. Sijui niseme nini kuhusu hilo.

#30 Jirani wa Reli

Na ile sauti ya mwanzo wa The Lion King, siyo Singana pia?

#31 Nyota ya Eldoret

Hapana ndugu, ule ni mwito wa Lebo M, filamu ni ya 1994. Ni Kizulu, ndiyo maana unaufananisha. Leo umetutembeza Makeba hadi simba, bado tunakupenda.

#32 Fundi Spika

Mnaongea, jaribio hamjafanya. Nani amefanya?

#33 Kanda ya Zamani

Nimefanya. Nimeazima spika ya kanisani kwa jirani, trebo nimeikata, taa nimezima, picha nimefunika kwa kanga. Fundi, uko sahihi kwa nusu. Kile kipande cha nyasini kilinijaa kifuani kama zamani. Lakini We Are Growing ulipoteza kitu nilipokata trebo, kwa sababu ule mkwaruzo wa Singana aliousema Chumvi Kidogo unakaa huko juu. Nikarudisha trebo, mkwaruzo ukaja, Tabora ikaondoka. Siwezi kuvipata vyote viwili kwa pamoja.

#34 Fundi Spika

Nipe siku mbili. Kuna namna ya kutenganisha.

#35 Binti Ligihu

Nami nimefanya, bila spika. Nimempigia shangazi Peramiho, nikamwekea kwenye simu, hicho kispika mnachokidharau. Sekunde kumi tu, akaanza kuitikia. Kwa hiyo besi si lazima. Tarehe 27 Februari tukiwakumbuka mashujaa wetu wa Maji Maji walionyongwa 1906, wazee wa ligihu watakuwepo. Nitawarekodi nilinganishe mwendo, nione kama bibi alisema kweli kuhusu kupunguza.

#36 Mwalimu wa Kwaya

Binti, hesabu mapigo kwa dakika, ya mguu wa kulia peke yake. Nitumie, nami nitahesabu ya mkanda.

#37 Dereva wa Tunduma

Na mimi nimemwekea mwanangu wa miaka tisa. Hajawahi kuona kibanda cha video, hajui Mazimbu, hajui ligihu, na shuleni kwao wimbo wa taifa wanauweka kwa redio. Alikuwa na simu mkononi anacheza gemu. Kile kipande cha watu wanaotembea kilipofika, akaweka simu chini. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wanakwenda wapi?"

#38 Kanda ya Zamani

Hilo ndilo swali nililokuwa nalo mwaka 1991.

#39 Mkunde

Nimemwekea mama jana. Sasa ana miaka 78, macho hayaoni vizuri, kwa hiyo picha kwake haina kazi. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai, hakunywa mpaka ikapoa. Nilitegemea aseme Mazimbu. Akasema, "Hawa si wale. Wale wetu walikuwa wanaimba wamechoka." Kisha akaniomba nirudie.

#40 Mwalimu wa Kwaya

Mkunde, tafadhali muulize mama swali moja: kule Mazimbu jioni, walikuwa wanapiga makofi au ni miguu tu? Na kama ni miguu, wamevaa viatu au peku? Nasubiri.